Sauti Isiyosikika: Kutoka Tumbo la Mama Hadi Ubongo wa Mzee

Kama ulitusikiliza redioni, hapa utayasoma yale yale kwa utulivu. Kama kipindi kilikupita kwa sababu mtoto alikuwa analia au wateja walikuwa wamejaa kwenye kibanda chako, basi kaa kitako, hujachelewa.

Leo nakuletea historia. Najua utauliza, muuguzi na historia wapi na wapi? Sababu yangu ni hii. Hapa Kariobangi watu wanatumiana habari kwa simu kwamba huko ng'ambo kuna mashine inayotibu ugonjwa wa kusahau wa wazee kwa kutumia sauti, bila kisu wala damu. Akina mama wanakuja kliniki wakiniuliza, "Sista, ni kweli? Tufanye harambee tumpeleke shosho? Tuuze ploti ya ushago?" Hilo ni swali zito, maana ploti ikishauzwa hairudi. Kwa hivyo nataka ujue mashine hiyo ilitoka wapi, imefika wapi, na bado haijafika wapi. Ukiijua safari yake, si rahisi mtu kukuuzia tumaini hewa.

Mashine hii unaijua tayari

Mama, kama umebeba mimba miaka ya karibuni, huenda ulipigwa skeni. Ulilala kitandani, ukapakwa jeli baridi tumboni, kisha daktari akapitisha kifaa kidogo huku akitazama kioo. Mtoto akaonekana akipiga teke. Kile kifaa hakitoi miale kama ile ya eksrei. Kinatoa sauti.

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde moja. Sauti ya skeni hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana huisikii. Inaingia mwilini, inagonga mfupa au maji, na mwangwi wake unarudi. Mashine inakusanya mwangwi huo na kuuchora kuwa picha. Popo naye huruka gizani bila kugonga ukuta kwa njia iyo hiyo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe skeni angalau mara moja kabla ya kufikisha wiki 24.

Kumbe basi ile sauti ya ubongo unayosikia habari zake ni ndugu wa hii ya tumboni. Tuone ukoo wao ulianzia wapi.

Ilianzia baharini

Mwaka 1880, huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba kinyume chake pia ni kweli: ukizipitishia umeme, zinatikisika. Kitu kinachotikisika hutoa sauti.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na kazi kubwa. Halafu Aprili 1912 meli kubwa ya Titanic iligonga mwamba wa barafu ikazama, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Watu wakaanza kujiuliza jinsi meli inavyoweza kutambua hatari iliyo mbele gizani. Miaka miwili baadaye vita kuu vya kwanza vikazuka, na nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli kutoka chini ya maji. Mwanasayansi Mfaransa, Paul Langevin, akatumia fuwele zile kutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi.

Sikiza vizuri sehemu hii, kwa sababu tutaihitaji mbele. Langevin aliona kwamba samaki waliopita karibu na kifaa chake walikufa. Ukitia mkono majini mbele ya kifaa, ulisikia maumivu. Kumbe sauti hiyo haikuwa ya kuonea tu. Ikiwa kali, inagusa, inapasha moto na kuumiza. Tangu siku hizo sauti ikawa na kazi mbili: sauti laini ya kutazama, na sauti kali ya kutenda.

Kutoka kwa mafundi wa chuma hadi kwa wajawazito

Ukipita Light Industries asubuhi utawasikia mafundi wakigonga mabati na kuchomelea vyuma. Utashangaa kujua kwamba skeni ya wajawazito ilitoka kwa watu kama hao.

Katika miaka ya 1950 viwanda vya Uingereza vilikuwa na kifaa cha sauti cha kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Daktari wa akina mama mjini Glasgow, Ian Donald, alisikia habari zake. Mwaka 1955 alipakia ndani ya gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha kutengeneza matangi ya mvuke karibu na Glasgow, akauchunguza kwa kifaa cha mafundi. Akaona kwamba uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutoa mwangwi tofauti.

Yeye pamoja na fundi Tom Brown na daktari John MacVicar wakatengeneza mashine ya hospitali. Mgonjwa wao mmoja alikuwa mama aliyeambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha kwamba ulikuwa uvimbe wa maji kwenye ovari. Akapasuliwa, uvimbe ukatolewa, akapona. Tarehe 7 Juni 1958 walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Skeni unayopigwa leo ilitokana na kazi hiyo.

Hiyo ndiyo sauti ya kutazama. Kabla ya kuifuata ile ya kutenda, lazima tuujue ugonjwa wenyewe.

Mgonjwa wa Frankfurt, na jengo la Nairobi

Mwezi wa Novemba 1901, katika hospitali moja mjini Frankfurt, Ujerumani, aliletwa mama wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Alikuwa anasahau, anapotea, na alikuwa amemshuku mume wake vibaya bila sababu. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake. Auguste alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini. Akakuta madoa ya uchafu nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Novemba mwaka huo akawaeleza madaktari wenzake. Mwaka 1910 ugonjwa huo ukapewa jina lake.

Leo tunajua kwamba yale madoa ni protini iitwayo amiloidi. Tunajua pia kwamba ugonjwa wa Alzheimer ndio aina inayopatikana zaidi kati ya magonjwa ya kusahau, yale ambayo kwa jumla huitwa dimenshia. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, kwa mfano baada ya kiharusi.

Mwaka huo huo wa 1910, Kariobangi yetu ikiwa haijajengwa, serikali ya kikoloni ilifungua Nairobi hifadhi ya watu iliowaita vichaa. Majengo yake yalikuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo hospitali ya Mathari, iliyopewa jina hilo mwaka 1924, na ipo hadi leo kando ya barabara ya Thika, si mbali na sisi.

Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Madai hayo yalikuwa ya ubaguzi, na sayansi imeyatupa. Lakini pima madhara yake, mama. Ikiwa mkubwa wa hospitali anaamini kwamba ubongo wako una kasoro ya asili, nani atajishughulisha kutafuta ugonjwa ndani ya ubongo wa nyanya yako?

Ilichukua miaka mingi mambo kubadilika. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Nigeria na Marekani walienda nyumba kwa nyumba kwa wazee wa Ibadan, wakathibitisha kwamba ugonjwa huu upo Afrika kama ulivyo kwingine. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, walishirikiana na Waingereza kuwachunguza wazee zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wazee 6 hivi katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Hesabu hiyo ilitoka kwa wakulima wa mlimani, watu kama wazazi wetu.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba dimenshia ni ugonjwa wa wazungu, mwambie hapana. Duniani watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Fuvu lilikuwa kizuizi cha kwanza

Sasa turudi kwenye ile sauti.

Mnamo 1942 daktari wa Austria, Karl Dussik, alijaribu kupitisha sauti kichwani ili apige picha ya ubongo. Alipata picha na watu wakafurahi. Miaka kumi baadaye wengine walichunguza upya, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya kile alichokiona ilikuwa kivuli cha fuvu lenyewe. Mfupa wa kichwa huitawanya sauti kama kioo cha bafu kinavyotawanya mwanga.

Mwaka huo huo, Marekani, wengine walianza kuikusanya sauti ipige mahali pamoja. Umewahi kumwona mtoto akishika lenzi juani mpaka karatasi ikaungua? Jua ni lile lile, ila likikusanywa kwenye nukta moja linachoma. Sauti nayo ni hivyo. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, William na Francis Fry, walifanikiwa kugusa nukta ndogo ndani ya ubongo. Walisaidia hata wagonjwa wenye kutetemeka. Lakini kwanza ilibidi kipande cha fuvu kikatwe kiondolewe ili sauti ipite. Nani angekubali hilo kwa urahisi?

Kilichosaidia ni kompyuta pamoja na mashine ya MRI. Siku hizi mgonjwa hunyolewa nywele, huvalishwa kofia yenye vifaa vidogo vya sauti 1,024, na kulazwa ndani ya MRI. Unene wa fuvu lake hupimwa kwanza, kisha kila kifaa hutuma sauti kwa kupishana kidogo na kingine, ili zote zikutane mahali pamoja. Julai 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha njia hiyo kwa watu ambao mikono yao hutetemeka bila kukoma. Hapo sauti kali huchoma nukta ndogo inayoleta kutetemeka. Mtu aliyekuwa hawezi kushika kikombe cha chai anaweza kukishika tena.

Video nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za wagonjwa hao. Mama, zitazame kwa makini. Zinaonyesha matibabu ya kutetemeka. Hazionyeshi mtu aliyerudishiwa kumbukumbu.

Askari wa geti

Kwa ugonjwa wa kusahau kuna kizuizi cha pili. Mwaka 1885 daktari Mjerumani, Paul Ehrlich, alidunga rangi kwenye damu ya wanyama. Viungo vyote vikashika rangi isipokuwa ubongo. Baadaye ikafahamika kwamba mishipa midogo ya damu ya ubongo imeshonwa ikashikana sana, haipitishi ovyo vitu vilivyo ndani ya damu. Ni kama askari wa geti kwenye ploti: anayejulikana anaingia, mgeni anazuiliwa. Askari huyo anatulinda dhidi ya sumu na vijidudu, lakini anazuia dawa nyingi pia.

Mwaka 2001 mtafiti Kullervo Hynynen na wenzake waliokuwa Boston walipata njia ya kumwomba askari afungue geti kwa muda. Walidunga kwenye damu ya sungura viputo vidogo mno, vya aina iliyokuwa ikitumika kwenye skeni za moyo, kisha wakaelekeza sauti laini kwenye sehemu moja ya ubongo. Sauti ilipofika, viputo vikavimba na kunywea, vikavimba na kunywea, mpaka mishono ya mishipa ikaachana kidogo. Baada ya saa kadhaa ikajifunga yenyewe. Hapa hakuna kuchoma kama kwenye matibabu ya kutetemeka.

Kuanzia hapo hatua zikafuatana. Mwaka 2015 watafiti wa Queensland, Australia, Gerhard Leinenga na Jürgen Götz, walitangaza kwamba panya waliopewa ugonjwa unaofanana na Alzheimer walipungukiwa na amiloidi baada ya sauti hiyo, wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu. Habari ikazunguka dunia nzima. Lakini panya si nyanya yako.

Mwaka 2018 madaktari wa hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, walieleza jaribio la kwanza la aina hiyo kwa watu wenye Alzheimer. Walikuwa wagonjwa 5. Geti lilifunguka, likafungwa ndani ya saa 24, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Kumbukumbu haikurudi, na amiloidi haikupungua kwa kiasi cha kutajika. Lengo lao lilikuwa kujua kama njia ni salama.

Januari 2024 kundi la daktari Ali Rezai, wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, lilitoa matokeo ya wagonjwa 3. Kila mwezi kwa miezi sita walipewa dawa iitwayo aducanumab, ambayo huondoa amiloidi, kisha sauti ikafungua geti upande mmoja wa ubongo. Upande uliofunguliwa ulipungukiwa na amiloidi zaidi kuliko upande wa pili, kwa wastani wa asilimia 32. Hiyo ni hatua ya kweli. Lakini watu 3 ni wachache mno, na amiloidi kupungua si sawa na mama kukumbuka jina la mtoto wake. Mwezi huo huo kampuni iliyotengeneza dawa hiyo ilitangaza kwamba inaiacha.

Zipo dawa nyingine za aina hiyo. Lecanemab ilipata idhini kamili Marekani mwaka 2023, na donanemab ikafuata mwaka 2024. Hazirudishi kilichopotea. Kwenye jaribio kubwa la miezi 18, lecanemab ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 kwa watu waliokuwa hatua za mwanzo. Zinaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni, kwa hivyo mgonjwa hupigwa MRI mara kwa mara. Lecanemab ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilitajwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 zetu.

Jibu la swali lenu

Basi tuuze ploti? Jibu langu ni la: msiuze.

Sauti ya kufungua geti la ubongo bado ni majaribio. Hakuna mgonjwa wa dimenshia ambaye amethibitishwa kuponywa nayo. Ulaya kuna kifaa kingine cha mawimbi ya sauti, chenye kibali cha kuuzwa tangu 2018, na baadhi ya kliniki za kulipia hukitumia kwa wagonjwa wa Alzheimer. Kibali cha kuuza kifaa si ushahidi kwamba kinarudisha kumbukumbu.

Mtu akikuletea habari za mashine hiyo, muulize maswali matatu. La kwanza, ni matibabu au ni utafiti? La pili, kama ni utafiti, iko wapi barua ya kamati ya maadili, na hapa Kenya, leseni ya NACOSTI? La tatu, kwa nini nalipishwa? Utafiti halali kwa kawaida haumtozi mgonjwa pesa. Akianza kukasirika unapomuuliza, umeshapata jibu.

Kile kinachowezekana Kariobangi leo

Sasa usitoke hapa ukiwa umekata tamaa. Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la The Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hayahitaji kofia ya vifaa 1,024. Mengi yako hapa kwetu.

Presha na sukari ziko kwenye orodha. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Yule anayekuja mlangoni kwako, mwombe ampime mzee, na ujipime wewe pia. Presha inayodhibitiwa ukiwa na miaka 40 inalinda ubongo wako wa miaka 70.

Masikio yako kwenye orodha. Mume au kijana anayegonga chuma siku nzima Light Industries avae vizibo vya masikio. Kuumia kichwa kumetajwa, kwa hivyo helmeti ya bodaboda isikae tu kwenye usukani. Moshi umetajwa, nasi tunaoishi karibu na jalala la Dandora tuna haki ya kuendelea kudai hewa safi. Sigara, pombe nyingi, upweke na kuacha shule mapema vimetajwa pia. Kumpeleka binti yako shule leo ni kumkinga ubongo akiwa bibi.

Kama tayari una mzee anayesahau, awe unamwita shosho, susu, dani au kukhu, mpeleke kituo cha afya mapema. Si kila kusahau ni dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo, huzuni nzito na hata baadhi ya dawa huweza kumvuruga mzee akili, na hayo yanatibika. Akivurugika ghafla, kwa siku moja au mbili, usingoje. Hiyo ni dharura.

Nyumbani, ratiba ya kila siku isibadilikebadilike. Mwekee namba yako ya simu mfukoni asije akapotelea Outering. Akirudia swali mara kumi, jibu lako la kumi liwe fupi na la upole. Na wewe mke wa mtoto wake, akikuita mwizi kwa sababu hajui ameficha wapi pesa zake, usibishane naye. Mtafute pamoja naye, kisha mtulie mnywe chai. Ni ugonjwa unaosema, kama ulivyosema kwa Auguste Deter miaka mia moja na ushei iliyopita.

Hili la mwisho naomba ulitilie maanani. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati wakituhumiwa uchawi. Mzee anayetembea usiku, anayeongea peke yake au asiyekumbuka alikotoka yuko hatarini mahali ambapo watu hawaujui ugonjwa huu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mficha uchi hazai. Waeleze majirani, mwenye nyumba na watu wa kanisani au msikitini kwamba shosho ni mgonjwa, ili akionekana nje usiku wamrudishe nyumbani.

Wewe mwenyewe pia usibebe mzigo peke yako. Gawaneni zamu na mashemeji, hata wale walio mbali watume nauli ya mtu wa kukupumzisha. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya linawakutanisha walezi wa wagonjwa hawa. Ukishindwa kulala, au ukijikuta unataka kumpiga mzee, njoo kliniki tuzungumze. Hakuna atakayekuhukumu.

Ya kukumbuka

1. Skeni ya mimba na sauti ya ubongo ni za ukoo mmoja, lakini kazi zake ni tofauti.
2. Sauti iliyokusanywa imeidhinishwa Marekani kutibu kutetemeka tangu 2016. Kwa dimenshia bado ni majaribio.
3. Usiuze mali wala kuchangisha harambee kabla ya kuuliza yale maswali matatu.
4. Presha, sukari, masikio na kichwa vilindwe kuanzia sasa.
5. Mzee anayesahau ni mgonjwa, si mchawi. Apelekwe kituo cha afya.

Nami nitaendelea kuzifuatilia habari za sauti hii, na jambo jipya likithibitishwa nitakuletea hapa hapa. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kumlisha mgonjwa aliyesahau kumeza. Hadi wakati huo, mpime mzee presha, nawe upate usingizi.